Umeniuliza kama mwanamke anaweza asimpende mtoto wake

Mwanangu,

Voisi noti yako ya usiku nimeisikiliza yote. Nakuandikia kwa kirefu maana kwenye simu we unanijibu "sawa mama, sawa mama" halafu ukikata hamna ulichoshika. Umesema mkeo tangu arobaini iishe analia bila sababu, chakula anakigusagusa tu, mtoto akilia anakukabidhi wewe halafu anageukia ukutani, na juzi kakwambia yeye hafai kuwa mama wa mtu. Mama mkwe wako anasema deko, shangazi yako wa Magomeni anasema kachezewa na wachawi, ndo ukaniuliza: mama, hivi mwanamke anaweza asimpende mtoto aliyemzaa mwenyewe?

Nilipokuja kwenu Jumamosi nilimwangalia mtoto kwanza kabla ya mama yake, mazoea ya wodi ya wazazi hayo, hata ukistaafu hayakutoki. Mtoto kajaa, shingoni hana hata harara na joto lote hili la Dar, kucha zimekatwa vizuri, nje kwenye kamba soksi zake zimeanikwa pea kwa pea. Ndo nikamwangalia mama. Kanga imelowa maziwa upande mmoja wala hana habari, nywele ni zile zile alizotoka nazo hospitali, na mtoto alipolala yeye hakulala, kakaa pembeni anamwekea kidole puani kusikia kama anapumua, anakitoa, anakirudisha. Nikamuuliza usiku unalala mwanangu? Akanijibu, naweka alamu mama, naogopa nikilala atakufa. Sasa nikuulize na mimi, huyo ndo asiyempenda mtoto?

Mkeo anaumwa baba. Ni sonona ya baada ya kujifungua, ile wanayoiita depresheni, ugonjwa kamili kama presha ilivyo ugonjwa, na dawa yake ipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwenye nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua anapata shida ya akili, na kubwa yao ni hiyo sonona. Mmoja kati ya watano, yaani hesabu wake za rafiki zako waliozaa mwaka huu utaona siyo jambo la mkeo peke yake, tofauti ni kwamba wengine wamenyamaza.

Usichanganye na kile kilio cha siku za mwanzo. Mimba inapokuwepo homoni za estrojeni na projesteroni zinakuwa juu sana, kondo likishatoka zinaporomoka ndani ya siku chache, kwa hiyo kuanzia siku ya pili ya tatu hivi wazazi wengi tu wanalialia, anacheka sasa hivi, baada ya dakika kumi analia eti uji umepoa. Hiyo inapita yenyewe, haivuki wiki mbili. Na angalia sheria yetu ya ajira ya 2004 ilivyokaa, mama kapewa siku 84, akizaa pacha 100, baba kapewa siku tatu, yaani kile kilio ndo kinaanza na maziwa ndo yanajaa kifua kimekuwa jiwe, na baba ndo anavaa shati anarudi kazini. Waliopanga hizo siku tatu sijui walikuwa wanawaza nini, tuliache.

Sonona yenyewe ikikaa haiondoki kwa kuambiwa jikaze. Inaweza kuanza hata ukiwa bado na mimba, na inaweza kuanza muda wowote ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo wanaodhani ukivuka arobaini umevuka yote siyo kweli. Mi arobaini naiheshimu sana, mzazi anakandwa, anapikiwa mtori na uji wa pilipili manga, hashiki ufagio, kuna mtu wa kumpokea mtoto alfajiri. Shida ni siku ya 41. Bibi anafunga mzigo anarudi Tanga, mawifi wanarudi kwao, wewe uko Kariakoo tangu asubuhi mpaka taa ziwake, na yule aliyekuwa anafanyiwa kila kitu anabaki na mtoto, na kidonda cha operesheni, na chumba kina joto, na simu yenye watu wa kumuuliza mtoto hajambo. Mtoto! Yeye hamna anayemuuliza. Halafu wageni wenyewe mnaowaleta, mmoja mtoto mbona mdogo, mwingine maziwa yako mepesi hayo, mwingine sisi tulizaa saba hatukulialia. Bibi yako alizaa saba na nakumbuka kuna mtoto ambaye baada ya kumzaa alikuwa hatoki ndani, watu wakasema kabadilika tabia, basi, maisha yakaendelea. Kwa hiyo hata zamani ilikuwepo.

Hapo nimeshamjibu mama mkwe wako kuhusu deko. Mtu anayedeka anataka umbembeleze, huyu wako hata ukimbembeleza hapokei, anasema mna bahati mbaya nyie kuwa na mimi. Na kuhusu kuchezewa, dua mwombee, mimi mwenyewe nimemsomea, ila sitaki kusikia kapelekwa kwa mganga akafungiwe ndani na mtoto ananyonya. Hospitali kwanza.

Sasa kuna kitu kaniambia tukiwa jikoni na kaniruhusu nikufikishie, maana yeye anaogopa utamnyang'anya mtoto. Anasema akimbeba mtoto karibu na zile ngazi zenu inamjia picha kichwani kwamba kamdondosha. Hataki, inamtisha mpaka miguu inaisha nguvu, ndo maana mtoto akilia anakupa wewe. We ukaona anamkataa, kumbe anamkinga. Mawazo ya namna hiyo yanawajia wazazi wengi sana hasa wenye wasiwasi na sonona, na kule kutishika kwake ni dalili kwamba hakusudii. Akikueleza mwenyewe usitoe macho. Mwambie nashukuru umeniambia, hilo tu, halafu mtalisema kwa dokta.

Kuna hali nyingine ambayo hiyo siyo ya kungoja asubuhi. Ukiona halali kabisa na wala hachoki, anaongea haraka haraka vitu havishikani, anasikia sauti, anasema mtoto siyo wake kabadilishiwa au mtoto katumwa, huo ndo watu wanaita kichaa cha uzazi, ni adimu, kama mzazi mmoja au wawili kwenye kila elfu, na mara nyingi unaanza wiki mbili za mwanzo lakini ukiuona wakati wowote unachukua bajaji usiku huo huo mnaenda hospitali, na hamumwachi peke yake na mtoto. Vile vile akisema bora nife au mtakuwa salama bila mimi, hata akisema huku anatabasamu. Usidhani ukimuuliza utampandikizia wazo. Muulize waziwazi, unafikiria kujiua? Akisema ndiyo, kaa naye, toa vidonge na sumu ya panya humo ndani, twende.

Usitegemee kliniki watagundua wenyewe. Nawasema wenzangu na najisema na mimi humo humo, mama anakuja na mtoto kwa chanjo ya wiki ya sita, tunamtundika mtoto kwenye mzani, tunachora kadi, tunamsifia kaongezeka, foleni imefika mpaka getini, mama kazi yake kushika kadi na kusema mzima. Kuna karatasi ya maswali kumi, wataalamu wa Edinburgh kule Uskoti waliitoa 1987 na inatumika nchi nyingi, unamuuliza mama siku saba zilizopita ameweza kucheka, amejilaumu bila sababu, ameogopa bila sababu, amekuwa na huzuni mpaka kukosa usingizi, na la kumi ndo kama amewaza kujidhuru. Haichukui hata dakika kumi. Mkeo amwambie nesi yeye mwenyewe au umwambie wewe, sema "siyo mtoto, tumemleta mama", uone wanavyonyanyua kichwa. Na wampime damu, alipoteza damu nyingi kule theatre na upungufu wa damu unachosha mtu, tezi ya shingo nayo ikivurugika baada ya uzazi inafanana sana na haya mambo. Wakiona inahitaji zaidi watawapa rufaa, hospitali za mkoa kama Temeke, Amana na Mwananyamala zipo, Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili kabisa. Ukisikia neno akili usiruke, ni ofisi kama ofisi nyingine.

Dawa usiogope. Akiandikiwa sertraline kwa mfano, hiyo inapita kidogo sana kwenye maziwa na wanaonyonyesha wanapewa, ila inachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, msiache siku ya tano mkasema haisaidii, na akipata nafuu asiikatishe ghafla bila dokta. Dawa za usingizi za kujinunulia duka la dawa sitaki. Na siyo kila mtu anahitaji vidonge, mazungumzo yenyewe yanatibu. Vijijini Pakistan waliwafundisha wahudumu wa afya wa kawaida tu, siyo madaktari, wawe wanawatembelea nyumbani wajawazito wenye sonona na kuendelea nao baada ya kujifungua, matokeo yakatoka 2008, mtoto akifika miezi sita waliokuwa bado na ugonjwa ni 23 kwa kila 100, kwa wale waliotembelewa bila mafunzo hayo ni 53. Kuongea tu na mtu anayejua anachofanya.

Wewe kazi yako ni usiku. Mama anayeumwa hivi akikosa usingizi anazidi, kwa hiyo apate saa nne au tano za mfululizo kila siku, siyo vipande vipande. Akamue maziwa jioni, weka kwenye friji, mtoto akiamka mpashie kwenye maji ya moto umnyweshe kwa kikombe kidogo polepole, mcheulishe, mbadilishe pampasi, mrudishe. Ile alamu uizime wewe, mwambie saa hizi napumua naye mimi. Wageni wafungie mlango, sema mama kakataza, nitasingiziwa mimi hainidhuru. Tendo la ndoa usiligusie kabisa mpaka yeye mwenyewe aseme. Na usimwambie mshukuru Mungu kuna wanaotafuta watoto hawapati, hilo analijua, ndo linalomliza.

Na wewe? Sauti yako kwenye ile voisi noti sikuipenda. Baba nao wanaipata sonona, tena mkewe akiwa nayo ndo hatari inaongezeka kwake, wao wanakuwa wakali, wanachelewa kurudi, wanaanza vileo. Ukijiona hivyo niambie bila aibu, nimeshakuona uchi we.

Jumapili nakuja na begi langu, nitakaa mpaka nione kula yake na kulala kwake kumekaa sawa. Jumatatu omba ruhusa kazini, wakikataa waambie mkeo mgonjwa maana ni kweli, saa moja tuwe kliniki kabla foleni haijashika. Weka kadi ya mama na ya mtoto pamoja, na ile karatasi ya kuruhusiwa hospitali itafute, wataitaka. Nitapitia samaki Feri, asipike. Shangazi yako akiandika kwenye grupu la familia usimjibu kitu, huyo niachie mimi.

Mama