Maswali ya Muziki: Piano, Okestra na Masikio ya Pwani

Binti yangu ameniwekea koncheto ya piano ya Ligeti kwenye simu. Nasikia vurugu tupu. Huu ni muziki kweli? (Mama, Majengo)

Ni muziki, mama yangu, na kila pigo limepimwa. Koncheto ni utunzi ambamo chombo kimoja, hapa piano, hujibizana na okestra nzima. György Ligeti, Mhungaria aliyezaliwa Transylvania, Romania, mwaka 1923, aliitunga hii kati ya 1985 na 1988. Mwanzoni wapigaji wengine wamepewa kipimo cha mdundo cha 12/8 na wengine 4/4, kwa pamoja. Pigo ni lile lile, ila hawa hulikata vipande vitatu, wale viwili.

Jaribu mezani: mkono wa kulia ugonge mara tatu, na ndani ya muda huo huo wa kushoto ugonge mara mbili. Mikono itakutana pigo la kwanza, itaachana, halafu itakutana tena. Sasa kumbuka chakacha harusini: chapuo inakimbia, vumi inanguruma chini, makofi ya kina mama yanaingia katikati, na kiuno kinajua kimfuate nani. Sikiliza Ligeti hivyo hivyo. Usitafute wimbo kwanza, chagua mdundo mmoja uufuate.

Ni kweli midundo hiyo aliitoa Afrika? Si wizi huo? (Msomaji, Kisauni)

Ni kweli. Mwaka 1982 mwanafunzi wake wa zamani, Roberto Sierra wa Puerto Rico, alimsikilizisha muziki wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, uliorekodiwa na mtafiti wa muziki Simha Arom. Katika bendi zao za pembe, kila mpigaji ana sauti yake moja. Huyu akinyamaza yule anadakia, na wimbo unazaliwa baina yao, hata hujui ni wa nani.

Wizi siuoni. Hakunakili wimbo wa mtu. Alijifunza namna ya kufikiri, na akasema wazi alikojifunza. Ninaloshikilia ni kwamba tukiusifu utunzi huu, Wabanda-Linda watajwe kwa jina. "Midundo ya Kiafrika" haitoshi, kama ambavyo chakacha haitoshi kuitwa "ngoma ya Kiafrika".

Nianzie sehemu ipi ya koncheto hiyo? (Kijana, Likoni)

Ya pili. Ni ya polepole, na jina lake la Kitaliano linataja ukiwa. Filimbi ndogo kabisa, pikolo, inapigwa chini mno, mahali ambapo sauti yake inabaki pumzi tu. Basuni, chombo cha kupuliza ambacho sauti yake kwa kawaida ni nzito, inapandishwa juu hadi inalia. Niliisikiliza jioni moja kando ya bahari pale Mama Ngina, Mombasa, maji yakitoka, nikakaa hadi giza likaingia.

Sehemu tatu za kwanza zilipigwa Graz, Austria, mwaka 1986. Ligeti akaona kazi haijaisha, akaongeza mbili, na zote tano zikasikika Vienna mwaka 1988.

Piano yetu ya zamani haikai sauti. Ni bahari? (Msomaji, Nyali)

Ndiyo. Unyevu hufurisha mbao na chumvi ya hewani hufanya nyaya zishike kutu. Iondoe karibu na dirisha la baharini, usiielekezee kiyoyozi, na umwite fundi aitune angalau mara mbili kwa mwaka, hata kama hakuna anayeipiga.