Shangazi, mwanangu anamaliza sufuria

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili: wa kiume ana miaka 12, yuko darasa la sita, wa kike ana 11, yuko la tano. Tangu shule zifunguliwe kijana anakula mpaka naogopa. Ugali wa watu wanne, nusu ni wake, na baada ya muda mfupi namkuta jikoni anakwangua ukoko. Juzi kamaliza chapati nilizowawekea wageni. Mama mkwe anasema ni minyoo. Baba yao anacheka tu, eti dume linakua. Mimi nimelifunga kabati kwa kufuli. Dada yake naye ameanza kuiga, ila huyo namkanya mapema asije akanenepa. Je, mwanangu anaumwa au hana adabu? – Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba, Mama Wawili.

Kijana wako ana njaa, basi. Mtoto wa umri wa shule kwa kawaida huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Balehe ikikolea, mvulana anaweza kuchomoka sentimita 9 au zaidi katika mwaka mmoja, na mifupa hiyo, damu hiyo na nyama hiyo vyote vinatoka kwenye sahani. Wengine hujaa kwanza, mashavu na kitambi, ndipo warefuke. Mvulana wa miaka 12 anayeshinda akikimbiza mpira anahitaji kalori kama 2,200 hadi 2,400 kwa siku. Wewe mama yake, kama huna kazi ya sulubu, zinakutosha 1,800 hadi 2,000. Kwa hiyo akikuzidi sahani hajakosa adabu. Ukitaka kuhakikisha, msimamishe kwenye fremu ya mlango, weka alama ya penseli, kisha mpime tena baada ya miezi mitatu.

Hukuniambia shuleni anakula nini. Watoto wengi wa kutwa huondoka saa 12 asubuhi na chai ya rangi na andazi moja, mchana wanapata kikombe cha uji au kashata ya getini, wanarudi saa 10 jioni. Mtoto wa namna hiyo huvamia sufuria ya usiku kwa sababu anadai chakula cha siku nzima. Usingoje saa 2 usiku. Akivua tu sare apate chakula cha maana: mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, au kiporo cha wali na maharage. Utaona usiku anakula kama binadamu.

Najua mfuko una mwisho wake. Ndiyo maana sikwambii nyama. Ukiongeza ugali mtupu atashiba kwa muda mfupi tu, halafu utamsikia tena jikoni. Ongeza maharage, dagaa, yai pale linapopatikana, na unga wa dona badala ya sembe, kwa kuwa dona haijaondolewa kiini na pumba. Karanga zitwange uweke kwenye mboga na uji, ila zenye ukungu tupa, hata kama roho inauma, kwa sababu ya sumukuvu. Hela ya soda na chipsi ndiyo inunue hivyo.

Sasa huyu binti uliyempitia kwa mstari mmoja. Mama, yeye ndiye aliye mbele! Wasichana huanza kurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 10 au 11, kama miaka 2 kabla ya wavulana. Haigi mtu. Kwa umri wake anahitaji chakula karibu sawa na chako wewe mtu mzima, na akishavunja ungo atakuwa anapoteza damu kila mwezi, hivyo madini ya chuma ni muhimu kwake hata kuliko kwa kaka yake. Kunenepa kidogo nyonga na mapaja wakati huu ni mwili unavyojitengeneza. Nyumba ambayo wa kiume akila ni dume na wa kike akila ni aibu inamfundisha binti kulala na njaa na kuona haya mwili wake. Wapakulie sawa, na asiyeshiba aongezewe, awe nani. Mchicha na matembele wale na limau au chungwa, na chai isogee mbali na chakula angalau saa moja, kwa kuwa hupunguza chuma kinachoingia mwilini.

Kufuli liondoe leo. Litawafundisha kula kwa kujificha, na hicho kitakusumbua kuliko chapati.

Kuhusu minyoo, mama mkwe asibishiwe sana. Wapewe dawa ya minyoo kama hawajapata shuleni hivi karibuni, haidhuru. Lakini minyoo mara nyingi humpunguzia mtoto hamu ya kula, humlegeza na kumpunguzia damu. Huyu wako hamu anayo tele.

Kitu kimoja tu kingenitoa mimi mbio. Mtoto anakula sana lakini anakonda, anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mara kwa mara, au ameanza tena kukojoa kitandani. Hapo usingoje wiki ijayo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe sukari. Kisukari kinawapata watoto pia, na kikichelewa kujulikana kinaua. Na akila kwa kujificha kisha akatapika, au akila hasa anapokuwa na huzuni, kaa naye mzungumze kabla ya kumgombeza.

Zimebaki chapati za wageni. Hilo ni kosa, na njaa haimfutii. Mwambie kwa utulivu: kilichofunikwa kwa kawa ni cha watu, uliza kwanza. Halafu Jumamosi mweke mbele ya kinu cha karanga na unga wa chapati, akande, asukume, achome mwenyewe za familia nzima. Miaka 12 inatosha kabisa, na baba yao anayecheka akae hapo awashe jiko.