Kuwa na PD-1 sio kuchoka, wadogo zangu

Juzi kwenye kikao cha maabara nimeiona tena slaidi ile ile, PD-1 (protini ya juu ya seli T za kinga, inazipunguza kasi kama breki) imepanda kwa wagonjwa wa TB, chini imeandikwa "seli T zimechoka", basi, mada imeisha. Jamani nyie. Nawapenda ila mtanitoa roho.

1. PD-1 inapanda pia seli ikiwa kazini. Hili nalijua kwa aibu. Nilipoanza nilisimama na slaidi kama hiyo, nikajitapa mpaka nikapendekeza PD-1 izuiwe kama wanavyofanya kwenye saratani, ili seli zifufuke zimalize bakteria. Profesa mmoja mpole akauliza tu, "zenyewe interferon gama zinatoa au hazitoi?", yaani ile ishara ya seli T ya kuamsha seli nyingine ziue bakteria. Nikababaika, eti tutaangalia baadaye. Baadaye gani na nilishaipima, iko kwenye faili ile ile, sikuweka geti tu, yaani ule mpaka wa kuzitenga seli zinazoitoa! Usiku nikafungua, zile zilizoitikia ESAT-6 (protini ya bakteria wa TB), nyingi zina PD-1 na zinamwaga interferon vizuri kabisa. Ndo nikaenda kusoma nilichotakiwa kusoma mwanzo: panya wasio na PD-1 wakipata TB wanakufa haraka kuliko wenzao, CD4 zao (seli T wasaidizi) zinazidisha interferon mpaka mapafu yanaharibika, na wapo wagonjwa wa saratani waliopewa dawa za kuzuia PD-1 TB ikawalipuka. Breki inakanyagwa na gari linalotembea, mimi nilitaka kuing'oa.

2. Ila kuchoka kupo, msinikimbilie upande wa pili. Antijeni (kipande cha kijidudu ambacho seli T inakitambua) ikikaa sana, seli inapoteza uwezo wa kutoa IL-2, TNF inafuata (nazo ni ishara za kinga), interferon ndo ya mwisho, na kugawanyika kunashuka. Pimeni zote tatu pamoja, ongezeni TIM-3 na LAG-3, breki nyingine za seli T. Halafu ESAT-6 sio Ag85B, protini nyingine ya bakteria hao: ugonjwa ukishakomaa bakteria wanapunguza kutengeneza Ag85B, kwa hiyo seli zake zimetulia kwa sababu hakuna anayeziita, hizo hazijachoka.

3. Damu sio mapafu. Kwa panya, seli T zenye KLRG1 (alama nyingine ya juu ya seli) zinabaki kwenye mishipa, zenye PD-1 ndo zinaingia kwenye tishu na kumbana bakteria, wewe na tyubu lako la damu ya mkononi unatangaza msiba.

4. Rangi ya kutenga seli zilizokufa usiiruke, maiti zinanasa kila antibodi. Na mashine ya flo (inayopima seli moja moja kwa rangi za antibodi) andika jina mapema, Ijumaa mchana hakuna wa kukuachia zamu, mimi mwenyewe sikuachii.