Fundisha mafaili kwanza, programu baadaye

Mwalimu, umesema unajifunza kompyuta huku ukitakiwa kuifundisha, na kazi za wanafunzi zinapotea kila kipindi. Mara nyingi hazijapotea: faili lilifunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe, likabaki kwenye folda ya muda. Kila mmoja atengeneze folda yake, afungue menyu ya File, abonyeze Save As (hifadhi kama), achague folda hiyo, kisha alipatie faili jina linaloanza na tarehe, mfano 2025-03-14_insha. Mwaka ukitangulia kwenye jina, mafaili hujipanga yenyewe kwa tarehe. Halafu afunge programu na kulitafuta faili mwenyewe. Tafadhali usimshikie kipanya. Hapo ndipo anapojifunza.

Faili likifutwa kwenye flashi, acheni kuitumia mara moja, mwone fundi. Mkihifadhi kitu kingine juu yake, huenda lisirudi.