Mzee wa Jumamosi na kadi yangu ya benki

Swali lenu la wiki hii linauliza "Uliwahi kuzama kwenye madeni? Nani alikutoa, na alifanyaje?" Nimelisoma mara mbili nikasema hili lazima nijibu hata kama sijawahi kuwaandikia, ila naomba nisitaje shule wala mkoa, wahusika bado tunapishana sokoni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanzania. Mwezi wa kwanza 2023 binti yetu alipangiwa fomu wani ya bweni, ada hamna kweli lakini kuna godoro, sare, ndoo, madaftari, nauli, na mkopo wa benki ulikuwa ushakula mshahara, kila mwezi inabaki kama laki tatu na elfu kumi. Nikaenda kwa mtu wa kausha damu, hawa wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, nikachukua laki tano. Riba asilimia 30 kwa mwezi, nimwachie kadi ya benki na namba ya siri, halafu nisaini karatasi ambayo wala haikuandikwa mkopo, iliandikwa kwamba nimemuuzia friji na makochi yangu. Nikasaini. Mshahara ukiingia anatoa yeye, anakata laki na nusu yake, inayobaki ananipa mkononi kama ananipa posho, na ile laki tano ipo palepale kwa sababu nalipa riba tu.

Watu huwa wanatuuliza walimu, hivi mnaingiaje kule na mnajua hesabu? Jamani, mwezi wa njaa hesabu unaijua vizuri sana, ndo inayokupeleka. Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na theluthi ya mshahara baada ya makato, kwahiyo benki ikifika hapo inakwambia basi. Kausha damu haionekani kwenye salari slipu, haina theluthi. Nikachukua na kwa wa pili laki tatu, yeye riba elfu sitini kwa mwezi, nikaingia na mikopo ya kwenye simu, aplikesheni tatu, moja nilipochelewa siku mbili ikawatumia meseji watu walioko kwenye simu yangu mpaka mkuu wangu wa shule kwamba mimi ni tapeli. Ile siku nilikaa kwenye stoo ya vitabu mpaka kengele ya kutoka.

Mwezi wa kumi na mbili nikaenda saccos yetu ya walimu, yaani chama cha akiba na mikopo, kujitoa, nichukue akiba yangu nilipe. Dada wa dirishani akaniangalia akasema mwalimu usijitoe kwanza, njoo Jumamosi uonane na mzee. Huyu mzee ni mstaafu, alikuwa afisa mikopo benki miaka mingi, Jumamosi anakaa pale kuwashauri wanachama bure.

Nilidhani ataniombea mkopo, kumbe hata hakugusa habari ya mkopo siku ile. Alitaka salari slipu za miezi mitatu, akasema fungua simu unisomee meseji za miamala moja moja, na mimi nasoma yeye anaandika kwa kalamu kwenye karatasi ya mistari. Nilivyokuwa nasoma sauti ikaanza kukatika, akasema pole pole mwalimu, tunayo siku nzima. Ikaja hivi: kausha damu wa kwanza 500,000, wa pili 300,000, aplikesheni 185,000, kikoba 400,000, shemeji 200,000, duka la mtaani 94,000. Jumla 1,679,000. Halafu pembeni akaandika riba niliyomlipa yule wa kwanza, miezi 11 mara laki na nusu, 1,650,000. Akanigeuzia karatasi akanyamaza. Yaani hela ya kulipa karibu madeni yote ilishapita mikononi mwangu, ilienda kwa mtu mmoja na bado ananidai laki tano zilezile.

Akaandika namba nyingine ndogo, 17,500. Akasema Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, hawa wasiopokea amana, riba isiyozidi asilimia 3.5 kwa mwezi, na hawaruhusiwi kukushikia kadi. Laki tano ni elfu kumi na saba na mia tano. Tangu 2018 kuna sheria ya huduma ndogo za fedha inayotaka mkopeshaji awe na leseni. Sikuwa najua hata moja na nafundisha hesabu darasa la sita.

Mwishoni akauliza, mwenzako anajua? Nikasema hapana. Akasema basi mimi siendelei mpaka ajue. Hiyo ndo ilikuwa ngumu kuliko zote, bora angeniambia niuze kiwanja. Nikamwambia baba watoto Jumapili usiku, akatoka nje kimya akakaa kama saa nzima, nikajua ameondoka, kumbe alikuwa barazani. Akarudi akasema nionyeshe hiyo karatasi.

Jumamosi iliyofuata tukaenda watatu kwa mwenye kadi. Mzee hakupandisha sauti hata kidogo, alimwomba tu aone leseni ya Benki Kuu, yule jamaa akaanza kutaja mkataba wa friji, mzee akasema sawa, tuupeleke huo mkataba na hii orodha ya malipo tukausome pamoja huko mbele. Kikao kilichukua masaa mawili. Akakubali kupokea laki tano yake tupu, akarudisha kadi na ile karatasi ikachanwa mbele yetu. Kesho yake nikabadilisha namba ya siri.

Saccos ningeweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yangu, mzee akakataa, akapiga hesabu ya laki saba tu kwa miezi 12, riba asilimia 1 ya deni linalobaki, rejesho la kwanza kama elfu 65, nikabaki juu ya theluthi kwa elfu chache. Hiyo ikamaliza wa kwanza na aplikesheni zote, nikazifuta. Wa pili alikubali laki moja moja miezi mitatu bila riba, nikamlipa kwa hela iliyokuwa inakatwa na yule wa kwanza. Kikoba walinisamehe faini nilipoenda mwenyewe kusema ukweli kwenye kikao, dukani nikalipa elfu kumi kumi.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilikuwa napeleka daftari analikagua, na mwezi wa nne 2024 aliniwakia kweli maana nilichukua elfu thelathini kwenye simu kwa ajili ya msiba nikamficha. Novemba hiyo Benki Kuu ikatoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni, nikampelekea kwenye simu akasoma yote kwa miwani yake.

Saccos nilimaliza mwezi wa kwanza 2025. Shemeji ndo amebaki, ananidai elfu hamsini, tumekubaliana mwezi wa saba na yupo kwenye daftari.