Salfa na mwarobaini vimeniunguzia zabibu, nirudi kwenye dawa kali?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina ekari moja ya zabibu aina ya Makutupora nyekundu huku Hombolo, Dodoma, ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga kwenye majani na punje) unanisumbua kila msimu. Safari hii nikaamua kuachana na dawa kali, nikachanganya salfa (dawa ya kiberiti) na mafuta ya mwarobaini bomba moja nikapiga kama saa saba mchana. Siku ya tatu majani yameungua kama yamemwagiwa maji ya moto. Jirani anasema kilimo hai sisi hatukiwezi, na mnunuzi wangu anayekamua mchuzi wa zabibu (juisi ya kutengenezea waini) anasema salfa inaharibu waini. Nirudi kwenye dawa za zamani?

JIBU: Marahaba, na pole sana, najua ekari moja ndio ada ya watoto hiyo. Ila usirudi nyuma, kilichokuunguzia shamba sio salfa wala sio mwarobaini, ni kuvikutanisha alafu ukavipiga jua la saa saba. Mafuta yanaisaidia salfa kupenya ndani ya jani, na salfa yenyewe hata bila mafuta joto likishapita nyuzi 30 inaanza kuunguza. Kwahiyo kanuni ni hii: ukipiga mafuta ya aina yoyote subiri wiki mbili ndio upige salfa, na ukipiga salfa subiri wiki mbili ndio upige mafuta. Piga asubuhi mapema au jioni jua likishapoa, na ufunike mdomo na uvae miwani ya kukinga macho mana salfa inawasha kweli kweli.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Wakulima wengi wa Dodoma wanausubiri wakati wa mvua, lakini anayehitaji jani lilowe ni ubwiri vinyoya (ugonjwa mwingine wa ukungu wa mzabibu), huyu wa unga hahitaji tone la maji juu ya jani, anataka kivuli, hewa iliyotuama na joto la wastani la nyuzi 20 mpaka 27 hivi, ndio mana kiangazi mzabibu uliofungamana kama kichaka unakuwa mweupe wakati mvua ilishakata zamani. Jua lenyewe linamuua. Hapa ndipo naomba unisikilize kuliko pengine popote, dawa yako ya kwanza ni mkasi. Ukishapogoa usiache kila chipukizi likue, punguza yaliyobanana, na ukiona chipukizi limetoka limejikunja na unga mweupe tangu mwanzo ling'oe siku hiyo hiyo uliweke kwenye mfuko ulitoe shambani, mana ugonjwa ulilala ndani ya jicho la tawi na hilo moja litaambukiza mstari mzima. Vichala vikishashika punje toa majani yanayovifunika upande wa jua la asubuhi tu, upande wa magharibi yaache, jua la alasiri la kwetu linababua punje.

Ukishafanya hivyo salfa inakuwa msaidizi tu. Ile ya asilimia 80 ya kuchanganya na maji mara nyingi inaangukia gramu 40 mpaka 60 kwa bomba la lita 20, ila lebo ya pakiti yako ndio iamue. Muda wa kulinda kwa nguvu ni kuanzia kabla kidogo ya maua mpaka kama wiki nne baada ya punje kushika, rudia kila siku 7 mpaka 10. Baada ya hapo ngozi ya punje inakomaa na ubwiri unga hauishiki tena kirahisi, hivyo huna sababu ya kuendelea kumwaga dawa.

Na hilo ndilo linamjibu mnunuzi wako. Hajakosea, salfa ikibaki kwenye zabibu hamira inaigeuza kuwa gesi ya yai viza wakati mchuzi unachachuka na waini yote inanuka. Lakini ukiacha kupiga wiki tano kabla ya kuvuna tatizo hilo haliji, mwambie tarehe uliyopiga mara ya mwisho, aiandike kwenye daftari lake, ataridhika. Ukiona unga umerudi katikati hapo tumia maziwa, kipimo kimoja cha maziwa kwa tisa vya maji, upige asubuhi siku yenye jua mana yanafanya kazi jua likiyapiga. Australia walishayajaribu kwenye mizabibu yakafanya kazi vizuri ugonjwa ukiwa bado mdogo, ukishachachamaa usiyategemee.

Zile dawa kali sisemi hazifanyi kazi, zinafanya, shida ni kwamba ukirudia kundi moja la dawa msimu hadi msimu ugonjwa unazizoea, salfa imetumika duniani kwenye zabibu zaidi ya miaka 150 na bado haijazoewa. Nayo ina ubaya wake, ikizidi inaua na wadudu wadogo wanaokula utitiri, kwahiyo usipige kwa mazoea.

Kwa sasa hivi usipige kitu chochote wiki mbili, usikate majani yaliyoungua nusu mana bado yanalisha vichala, mwagilia kama kawaida, na ukishavuna muombe mnunuzi akurudishie machicha ya zabibu uyachanganye na samadi ya ng'ombe yaoze miezi kadhaa ndio uyarudishe shambani, ila yasiguse shina, acha shubiri mbili, unawajua mchwa wa huko.