Hamsta mgeni anayejificha mchana kutwa

Umeuliza kwa nini hamsta wako mpya, yule mnyama mdogo wa kufugwa wa jamii ya panya, anajichimbia na kujificha mchana kutwa. Pole, ila usiogope. Hamsta kujichimbia siku ya pili tu baada ya kufika ni kawaida kabisa: harufu zote ni ngeni kwake, na kwa asili yeye ni mnyama wa usiku. Mpe siku tatu nne bila kumshika. Badilisha maji, weka chakula, ondoka.

Unasema umemtandikia kidogo ili umwone vizuri. Hapo ndipo penye tatizo. Mjazie maranda au karatasi laini isiyo na manukato, kina cha sentimita 20 hivi, apate kuchimba handaki. Pamba usimwekee kamwe. Nyuzi zake humnasa miguu, na akizimeza huziba utumbo.

Bakuli likionekana halijaguswa, chungulia pembeni kwanza. Wangu alikuwa akitoka gizani, anajaza mashavu mpaka kichwa kinapanuka, kisha anakwenda kuficha akiba yake konani.

Akianza kutoka jioni, nawa mikono, weka kiganja ndani na mbegu moja, utulie. Asogee mwenyewe. Usimnyakue kutoka juu, maana ndivyo anavyowindwa na ndege. Ukiona mkia umelowa na anaharisha, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.